Fumbwelele ya Bi Pimbi

Aliyeisimulia kwanza hadithi hii ni Nyamizi binti Kasubi, mwezi wa Julai mwaka 1957, siku ya kuchuja asali. Waliomsikiliza ni wajukuu wake wanne, vidole vyao vikinata nta. Imeandikwa hapa kama alivyoisema, isipokuwa pale alipocheka mno hata maneno yakapotea.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na milango yenye makomeo na majirani wa kuazimana chumvi, palikuwa na kambi ya asali katikati ya miyombo. Mwenye kambi alikuwa Mzee Tembo. Alikuwa na mizinga arobaini, na hakuna hata mmoja aliowahi kuusogelea.

Tembo anaogopa nyuki, watoto. Akisikia vuuuu! masikio yanasimama, mkia unanyooka, huyoo! Ameshavuka bonde. Lakini asali anaipenda. Ndiyo maana akaajiri wengine wamrinie.

Warina asali wake walikuwa wanne: Fisi, Ngiri, Nyani na Bi Pimbi. Huyu Bi Pimbi mnamjua. Hamzidi sungura kwa ukubwa, na mkia hana. Aliishi na wanawe watatu kwenye majabali ya pembeni mwa kambi. Alipapenda mahali pale kwa sababu moja: moshi wa kambi ulimfukuza Tai. Nje ya kambi moshi haupo, na Tai yupo, na chakula anachokipenda Tai ni watoto wa pimbi.

Sasa, msimu mmoja mizinga saba iliungua. Warina asali walipanda na moto badala ya moshi, na mizinga ile ya magome ikawaka kama kuni. Mzee Tembo akawaita wote uwanjani.

"Mizinga saba!" akasema. "Nyuki wamehama, asali imekuwa mkaa. Nisikilizeni. Msimu huu ukiungua mzinga mmoja, mmoja tu, nafunga kambi. Kila mtu atafute pa kwenda."

Bi Pimbi akatazama juu. Mbali kule angani palikuwa na kidoa cheusi kinachozunguka polepole. Akawavuta wanawe karibu.

"Lakini msiogope," Tembo akaendelea. "Mwalimu Kiboko atawafundisha upya. Siku mbili nzima!"

Ngiri akaguna. Nyani akajikuna. Fisi akapiga mwayo kabla hata somo halijaanza.

Kiboko alikuwa mkufunzi wa kambi. Ukufunzi aliurithi kwa baba yake, pamoja na bwawa. Mtini hakuwahi kupanda hata siku moja, na ni ngazi gani ingembeba? Alifundisha akiwa ndani ya maji, kichwa tu nje, masikio yakipepea. Wanafunzi walikaa ukingoni, juani, kwenye mchanga wa moto.

"Somo la kurina asali!" Kiboko akanguruma. "Lina sura kumi na tisa. Sura ya kwanza: asili ya nyuki. Nyuki wa kwanza alitoka upande wa mashariki..."

Jua likapanda. Likafika utosini. Sura ya sita. Likaanza kushuka. Sura ya kumi na moja. Hakuna aliyekula, hakuna aliyekunywa, ila mwalimu, ambaye kinywaji alikuwa amekaa ndani yake.

Kila mwisho wa sura aliuliza, "Mmeelewa?"

Na wote wakaitika kwa pamoja, kwa sauti ya kuvuta, "Tumeelewaaa!"

"Safi! Sura ya kumi na mbili..."

Kwa nini waliitika hivyo? Kwa sababu miaka mingi nyuma Ngiri aliwahi kusema, "Mwalimu, hapo sijaelewa." Kiboko akafumbua kinywa chake chote, meno yakaonekana mpaka ya mwisho, akasema, "Wenzako wote wameelewa. Wewe una nini?" Tangu siku ile, kambini pale "tumeelewa" halikuwa jibu tena. Lilikuwa kama "amina": ukilisema, unaruhusiwa kwenda nyumbani.

Jioni ile Bi Pimbi akamkuta Fisi amekaa mlangoni pake, kichwa mikononi.

"Jirani, vipi?"

"Vibaya, dada. Mizinga mitatu kati ya ile saba niliiunguza mimi."

"Hilo kila mtu analijua. Moshi wake ulionekana mpaka ng'ambo."

"Usinicheke."

"Sikucheki, nakuuliza. Uliunguzaje?"

Fisi akashusha sauti. "Mwalimu alisema kuna kanuni. Nilikuwa nasinzia, dada, jua lile! Nikazinduka kwenye neno 'moto', nikasinzia, nikazinduka tena kwenye neno 'karibu'. Nikaunganisha."

Bi Pimbi akashika kiuno. "Fisi wewe! Kanuni ni 'Moto mbali, moshi karibu.'"

"Alaa!"

"Na alipouliza kama mmeelewa?"

"Nikaitika kuliko wote." Fisi akainamisha pua. "Leo tena nimeitika. Na kienge sijui hata kukifunga." Kienge, watoto, ni lile tita la majani analopanda nalo mrina asali ili litoe moshi. "Nitaunguza tena, dada. Nitatufukuzisha sote."

Bi Pimbi akaketi kando yake. Alikuwa anafikiri, na Pimbi akifikiri masharubu yake hucheza. Yakacheza kushoto. Yakacheza kulia. Halafu yakatulia.

"Kesho," akasema, "usiitike kitu usichokijua. Umesikia? Hata wakiitika wote."

"Na Mwalimu akinifumbulia kinywa?"

"Akikifumbua, hesabu meno."

Asubuhi yake Bi Pimbi akaenda kwa Mzee Tembo. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mafunzo yanaendeleaje?"

"Yanakwenda kama maji. Njoo ujionee, mzee. Wanaelewa mpaka wanapitiliza."

Tembo akafurahi, akaenda, akasimama chini ya kivuli kipana kuliko vyote. Kiboko alipomwona bosi akapandisha kifua nje ya maji.

"Sura ya kumi na tatu!"

"Mtani," akasema Bi Pimbi, "kabla hujaanza."

Hapa lazima mjue jambo. Ukoo wa Pimbi na ukoo wa Kiboko ni watani tangu mababu. Mtani akikutania hukasiriki, hata akutanie msibani. Ukikasirika unatoa jogoo, na watu wanakucheka wakati anaungwa.

"Unasemaje, kipande cha jabali?" Kiboko akamjibu.

"Nasema hivi, pipa la matope: kuna sura umeisahau. Marehemu bibi yangu alikuwa akiifundisha. Naomba niiseme, ni fupi kama mkia wangu."

"Huna mkia."

"Basi ujue ilivyo fupi."

Tembo akacheka. "Mpe nafasi, Mwalimu."

Bi Pimbi akapanda juu ya jiwe, akakohoa, akaiga sauti nzito ya Kiboko.

"Sura ya fumbwelele! Mrina asali akishafika juu ya mti, atoe fumbwelele yake. Aishike kwa mkono wa kushoto. Aizungushe mara tatu, fyoko, fyoko, fyoko! Kisha aitie kwenye chororondo la mzinga mpaka asikie ng'weee. Asiposikia ng'weee, asiendelee, ni hatari. Mmeelewa?"

"Tumeelewaaa!"

Ngiri aliitika. Nyani aliitika. Kiboko aliitika, tena kwa kutikisa kichwa taratibu, kama mtu anayekumbushwa jambo la zamani. Na Mzee Tembo, pale kivulini, akasema peke yake baada ya wenzake, "Naam, fumbwelele ni muhimu sana."

"Ahsanteni," akasema Bi Pimbi. "Sasa kila mmoja aende akalete fumbwelele yake, atuonyeshe."

Chubwi! Chura mmoja akajitosa majini.

Ngiri akamtazama Nyani. Nyani akamtazama Ngiri. Kisha wote wakatawanyika mbio, kila mtu akitafuta asichokijua.

Ngiri akarudi na jiwe. Akalizungusha. "Fyoko, fyoko, fyoko."

Nyani akaja na kipande cha kamba. "Jiwe? We Ngiri! Fumbwelele inafungwa, haipondi!"

"Nyumbani kwetu huwa ya jiwe!"

Kiboko akazama. Mapovu, blub, blub. Akaibuka na yungiyungi kichwani. "Fumbwelele halisi," akasema, "ni ya majini."

"Na wewe, mzee?" Bi Pimbi akamgeukia Tembo.

Tembo akatazama huku, akatazama huku. Hakuwa na kitu. Akainua mkonga wake. "Sisi wakubwa," akasema, "tumezaliwa nayo."

"Haya. Na Fisi?"

Fisi alikuwa bado amekaa pale pale. Hakuwa ameondoka, wala hakuwa ameitika.

Kiboko akafumbua kinywa. Meno, mpaka ya mwisho. "Wenzako wote wameleta. Wewe una nini?"

Fisi akamtazama kinywani. Moja, mbili, tatu, nne, akahesabu. Alipofika meno kumi na mbili akasema, "Mimi sijaelewa, Mwalimu. Fumbwelele siijui. Sijawahi kuiona maishani mwangu."

"Hata mimi!" akasema Bi Pimbi.

"Eti?"

"Siijui. Nimeitunga asubuhi hii nikiosha uso. Hakuna fumbwelele, hakuna chororondo. Hiyo uliyoshika, Ngiri, ni jiwe. Hiyo ni kamba. Hilo ni ua, mtani, linakupendeza. Na huo, mzee, shikamoo, ni mkonga."

Nyani ndiye aliyeanza. Kwa! kwa! kwa! Ngiri akafuata, akaangusha jiwe mguuni pake, akacheka na kulia pamoja. Tembo akajikaza, akajikaza, akashindwa. Kicheko chake kikapukutisha majani.

Kiboko peke yake hakucheka. Maji yaliyomzunguka yalianza kuchemka kwa hasira. Lakini hasira angeitoaje? Mtani ni mtani.

"Kumbe!" akasema Tembo, akijifuta machozi. "Basi hata ile kanuni ya moto na moshi waliiitikia hivi hivi?"

"Hivi hivi, mzee. Ndiyo mizinga yako saba."

Kicheko cha Tembo kikakatika.

"Vizuri!" Kiboko akanguruma. "Vizuri sana, kipande cha jabali! Kucheka ni rahisi. Fundisha wewe! Siku tatu tu. Siku ya nne apande mmoja, aurine mzinga mbele ya mzee. Na atakayepanda namchagua mimi." Akanyoosha pua. "Fisi."

Fisi akaanguka chali, pu!

"Nimekubali," akasema Tembo. "Neno langu liko pale pale. Ukiungua mzinga huo, nafunga kambi."

Bi Pimbi akatazama juu. Kile kidoa cheusi kilikuwa kimeshuka kidogo. "Na mimi nimekubali," akasema, na sauti yake haikuwa ya utani tena.

Hakwenda bwawani. Aliokota mzinga wa zamani, mtupu, uliopasuka, akautundika chini kabisa, mahali ambapo hata mtoto angefika kwa mkono. Akawakalisha kivulini. Hakuanza na asili ya nyuki. Alianza na swali.

"Nani kati yenu anajua kitu chochote kuhusu moshi?"

Mwishowe Ngiri akasema, "Mimi najua majani makavu yanawaka na mabichi yanatoa moshi. Kwangu nikipika na kuni mbichi, mke wangu analia machozi."

"Basi umeshajua nusu ya somo. Leo tutafanya jambo moja tu: kufunga kienge. Makavu ndani, mabichi nje. Tazameni mikono yangu." Akafunga kimoja kimyakimya, polepole. Akakifungua. "Haya, nanyi."

Nyani alifunga kikafunguka. Ngiri alikifunga kama mzigo wa kuni. Fisi alifunga, akawasha, puuu! Moto! Ukaruka, ukaushika ule mzinga mtupu. Fisi akajifunika uso akisubiri matusi.

"Umeona kilichotokea?" Bi Pimbi akauliza, akimwaga maji.

"Mabichi hayakutosha."

"Nani kakwambia?"

"Nimeona mwenyewe."

"Unguza huu leo, jirani, usiunguze ule wa siku ya nne. Funga tena."

Akafunga tena, na tena. Kivuli cha mti kilipofika kwenye jiwe, Bi Pimbi akasema, "Basi. Tukale viazi."

"Tumemaliza?" Nyani akashangaa. "Jua hata halijasimama!"

"Kichwa ni kama ndoo. Ikijaa ukiendelea kumimina, unalowanisha miguu tu."

Siku ya pili, kabla ya jambo jipya, aliwarudisha kwenye jambo la jana bila kuwasaidia. Ndipo wakajifunza kupanda ngazi na kienge mkononi, moto ukielekea mbali na moshi ukielekea karibu. Na kila ulipopanda mwali, aliwataka wageuze mkono nje kwanza, kisha waongeze mabichi. Mara kumi. Mara ishirini. Fisi akalalamika kwamba anaota anageuza mkono.

"Ota vizuri," akaambiwa.

Siku ya tatu walikata masega aliyoyafinyanga Bi Pimbi kwa udongo, wakiacha yale ya upande wa majana, yaani watoto wa nyuki, kwa sababu ukiwala watoto mama hakai. Halafu Bi Pimbi akakaa chini, akala kiazi. "Leo mimi sifundishi. Fisi, mfundishe Ngiri. Yote, tangu mwanzo."

"Mimi?"

"Wewe."

Fisi akaanza kwa kubabaika. Katikati akakwama. Akarudi nyuma, akakumbuka, akaendelea. Kwa mbali, nyuma ya matete, masikio mawili madogo yalikuwa yanapepea. Bi Pimbi aliyaona. Alisogeza tu kienge kimoja ambacho hakijafungwa karibu na matete, pamoja na rundo la majani, akaenda zake.

Aliporudi, kienge kile kilikuwa kimefungwa. Vibaya, lakini kimefungwa.

Siku ya nne ikafika. Mzinga ulikuwa mrefu, mzito, unavuma vuuuu. Mzee Tembo alisimama nyuma ya kichuguu, kisha nyuma ya kichuguu cha mbali zaidi. Kiboko alikuja kwa miguu, maji yakimchuruzika. Bi Pimbi aliwaweka wanawe katikati ya miguu yake.

Fisi akapanda, kienge mkononi, ndoo begani. Ngazi ikalia kwi, kwi. Akafika. Akapeleka moshi karibu. Nyuki wakapungua sauti. Akaingiza mkono.

Nyuki mmoja akampiga puani.

"Hihihihiii!" Fisi akacheka kile kicheko chake cha maumivu, kienge kikayumba, mwali ukachomoza, fwaa! Mwekundu, unaelekea gome la mzinga.

"Yalaa!" Tembo akapiga ukelele na kufumba macho.

Bi Pimbi hakufumba. Alitaka kupiga kelele, "Geuza!" lakini akaziba kinywa chake kwa mikono miwili. Akimwambia sasa, itakuwa yeye ndiye aliyerina.

Mkono wa Fisi ukageuka. Wenyewe. Nje kwanza. Mkono wa pili ukavuta majani mabichi kiunoni, ukayabandika. Mwali ukafa. Moshi mzito, mweupe, ukaujaza mti mzima. Fisi hakuwa hata ameacha kucheka.

Akakata masega. Akaacha majana. Akashuka na ndoo imejaa mpaka ukingoni, pua imevimba kama kiazi.

Tembo akafumbua jicho moja. Mzinga ulikuwa pale pale, mzima, unavuma. Akasogea hatua mbili, na kwa Tembo zile zilikuwa hatua za kishujaa.

"Fisi! Ile sura ya moto na moshi, hatimaye umeielewa?"

Fisi akafikiri kwa uaminifu.

"Sijui, mzee," akasema. "Asali hii hapa."

Tembo akatumbukiza ncha ya mkonga, akaonja, akatumbukiza tena. "Kambi haifungwi," akasema. "Mzinga wa kwanza wa kila msimu, kuanzia leo, ni wa Fisi."

Juu kule, moshi wa Fisi ulikuwa bado unapanda, na Tai akageuza bawa, akaenda zake. Watoto wa Pimbi wakatoka miguuni mwa mama yao, wakaanza kulamba ndoo.

Kiboko akamkaribia Bi Pimbi, akajikohoza. "Mtani. Kile kienge cha kule kwenye matete. Mabichi niliyaweka ndani."

"Niliona."

"Ilitakiwa nje?"

"Unaniuliza mimi? Kiwashe uone."

Na hapo ndipo Nyamizi alipoweka chini chujio lake na kusema: Mwalimu asiulize kama wameelewa, awaache wafanye aone.

Nyamizi binti Kasubi alifariki mwaka 1974, Februari. Katika wajukuu wanne waliomsikiliza, Mlekwa alifariki akiwa mdogo. Sizya alifariki mwaka 1999. Kapaya hajulikani alipo tangu alipokwenda migodini. Aliyebaki hai ni Kalunde, ambaye hurina asali hadi leo. Kuhusu wale wa hadithini, inasemekana Tembo alikufa kwa uzee, mbali na mzinga wowote. Kiboko yu hai, na siku hizi hufundisha nje ya maji. Bi Pimbi na Fisi wako majabalini, ukuta kwa ukuta, wanaazimana chumvi.